Nina maeneo matatu tofauti ya kuta zilezile: nimpe mhandisi lipi?

Swali: "Habari za kazi, mtaalamu. Nachora jengo la ofisi huku Nzuguni, Dodoma, lisilo na ghorofa. Kwa nje ni mita 20 kwa 10. Kuta ni za tofali la saruji la kulaza, unene wa sentimita 25 pamoja na plasta. Dari ni ya jipsamu, juu ni bati la msauzi lenye mwinuko wa nyuzi 20. Mhandisi wa mitambo anataka nimpe eneo la gamba la joto la jengo ili apige hesabu ya viyoyozi, na mwenye jengo naye anauliza habari za cheti cha EDGE, kile cha majengo ya kijani. Natumia ArchiCAD, programu ya kuchora majengo. Jedwali la kuta za nje limenipa mita za mraba 204. Kifaa cha tathmini ya nishati kilichomo humohumo, nilikochora zoni (nafasi ya ndani inayohesabiwa kama kitu kimoja) moja kwa jengo zima, kimenipa 144. Nilipochukua kalkuleta nikapata 162. Milango na madirisha ni mita za mraba 30, madirisha pekee yake 24. Kwenye paa ni balaa zaidi: jedwali linasema 274, wakati dari ni 185 tu. Mwenzangu ofisini anasema modeli yangu ni mbovu, nianze upya. Mwingine anasema nichukue namba kubwa kuliko zote ili niwe salama, na kwenye paa nichukue bati kwa sababu ndilo linalopigwa na jua. Namba ipi ni sahihi?"

Jibu: Ndugu yangu, usianze upya. Nimechukua vipimo ulivyonipa nikazirudia hesabu zako, na namba zote tano zinapatikana. Modeli yako ni nzima. Kinachokusumbua ni kwamba umeuliza maswali matatu ukidhani ni moja, mawili kwa programu na moja kwa kalkuleta, na kila moja limejibiwa kwa uaminifu. Kabla ya kugusa tena kompyuta, kuna jambo ambalo programu haiwezi kukuamulia: mpaka wa joto wa jengo lako unapita wapi.

Gamba la joto ni zile sehemu zote zinazotenganisha hewa ya ndani tunayotaka kuitunza na vitu visivyo chini ya mamlaka yetu: hewa ya nje, ardhi, na nafasi zisizopozwa kama stoo ya nje au uwazi ulio kati ya dari na bati. Eneo lake ndilo linalozidishwa na kipimo cha U cha kila sehemu, yaani wati ngapi zinapenya kwenye mita moja ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto. Ukikosea mpaka, kila hesabu itakayofuata itabeba kosa hilo, hata kama U umeitafuta kwa makini kiasi gani.

Sasa tuangalie ile 204. Majedwali ya vipimo katika programu zetu yametengenezwa kwanza kwa ajili ya mkadiriaji majenzi. Yeye anataka kujua tofali na plasta vitakwenda kiasi gani, kwa hiyo jedwali linahesabu ukuta wote uliouchora, kuanzia unapoanzia hadi unapoishia. Mzunguko wa nje wa jengo lako ni mita 60. Inaelekea umeinua kuta mita 3.9, kwa sababu zinaanzia chini ya jamvi, yaani zege la sakafu, na kupita dari mpaka kwenye mbao za paa. Mita 60 mara 3.9 ni 234. Toa milango na madirisha, 30, unabaki na 204. Hiyo ni namba nzuri sana kwa BOQ, orodha ya vifaa na gharama za ujenzi. Kwa joto haifai, kwa sababu karibu nusu mita ya ukuta iko chini ya sakafu na sentimita nyingine kama 40 ziko juu ya dari, ambako hakuna anayepoza hewa. Angalia pia kwamba jedwali limekwisha kutoa matundu. Nimeona watu wakiyatoa mara ya pili kwa mkono bila kujua. ArchiCAD ina mpangilio wa kuamua matundu madogo yasitolewe mpaka yavuke ukubwa fulani, nao umewekwa hivyo kwa ajili ya wakadiriaji. Ukijenga jedwali la joto, hakikisha unajua kama mpangilio huo umewashwa, maana vidirisha vya vyooni vinaweza kuhesabiwa kama ukuta bila wewe kushtuka.

Ile 144 na ile 162 ni ndugu, na hapa ndipo wengi hupotea. Kiwango cha kimataifa cha ISO 13789 kinatambua mifumo mitatu ya kupima. Wa kwanza unapima ndani ya kila chumba, plasta hadi plasta, na unene wa kuta za kugawa vyumba hauhesabiwi. Wa pili unapima ndani ya jengo zima, plasta hadi plasta, kana kwamba kuta za kugawa hazipo. Wa tatu unapima kwa nje. Wewe ulichora zoni moja kwa jengo zima, ndiyo maana programu ikakupa mfumo wa pili. Ndani una mita 19.5 kwa 9.5, mzunguko wa mita 58, kimo cha mita 3 kutoka sakafu hadi dari, jumla 174. Toa matundu 30, unapata 144. Kalkuleta yako ilitumia mfumo wa tatu: mita 60 mara 3.2, ambayo ni mita 3 za chumba pamoja na unene wa jamvi na wa dari, jumla 192, toa 30, unapata 162. Ungechora zoni moja kwa kila chumba ungepata namba pungufu zaidi ya 144. Kuta nne za kugawa zenye unene wa sentimita 15, kila moja ikigusa kuta zote mbili ndefu, zinameza mita 1.2 za urefu, yaani mita za mraba 3.6.

Je, ipi ni sahihi kati ya hizo? Zote, mradi usizichanganye. Tofauti kati ya ndani na nje inatoka kwenye pembe na kwenye kingo za juu na chini. Kila pembe ya jengo lako ina sentimita 50 za ukuta ambazo kipimo cha nje kinazihesabu na cha ndani hakizioni: 25 upande huu, 25 upande ule. Joto halina habari na mfumo wetu wa kupima; linapita penye pembe hata kama hujapahesabu. Ndiyo maana wanaotumia vipimo vya ndani hulazimika kuongeza kiasi fulani kwa ajili ya pembe na maungio, na wanaotumia vya nje hukuta kwamba kwenye pembe wamezidisha kidogo, wakapunguza. Uingereza katika hesabu zao za makazi hupima ndani. Wajerumani, na wenzao wa mfumo wa Passivhaus wa majengo yanayotumia nishati kidogo sana, hupima nje. Kosa kubwa ni kuchukua maeneo ya ndani halafu kuyaunganisha na majedwali ya maungio yaliyoandaliwa kwa vipimo vya nje. Hapo unakuwa umelipunguza joto la pembe mara mbili.

Kwa jengo kama lako, lisilo na kizuia joto ukutani na ambalo hakuna mtu atakayekaa kuhesabu joto la kila ungio, mimi ningechukua vipimo vya nje, ile 162, niandike wazi kwenye barua: "maeneo yamepimwa kwa nje, kuanzia chini ya jamvi hadi juu ya dari, matundu yametolewa." Sentensi hiyo ina thamani kuliko desimali mbili. Lakini muulize kwanza mhandisi wako programu yake inataka mfumo gani. Ikiwa inataka vipimo vya ndani, mpe 144 bila kusita.

Tuone uzito wa tofauti hizi. Nikichukua upitishaji joto wa tofali la saruji kuwa takriban wati 1.2 kwa mita kwa nyuzi, ukuta wako una U ya kama 2.6. Kwa 144 unapata wati 374 kwa kila nyuzi ya tofauti ya joto. Kwa 162 unapata 421. Kwa 204 unapata 530. Kutoka ya kwanza hadi ya mwisho ni ongezeko la zaidi ya asilimia 40 kwenye kuta peke yake. Ndiyo maana siungi mkono ushauri wa "chukua kubwa uwe salama". Kwenye nguzo na nondo ukizidisha, jengo linasimama tu. Kwenye viyoyozi ukizidisha, mwenye jengo ananunua mashine kubwa asiyoihitaji, inawaka na kuzima kila mara, na bili inamfuata miaka yote. Tena ukubwa huo wa uongo unaficha mahali joto linakoingilia hasa.

Nako ni juu.

Paa lako limenipa kazi ya furaha kwa sababu linaonyesha jambo lote kwa mkupuo mmoja. Bati linatokeza sentimita 90 kila upande, kwa hiyo kwa plani ni mita 21.8 kwa 11.8. Ukiligawanya eneo hilo kwa kosaini ya nyuzi 20 kupata eneo la mteremko wenyewe, ni 274. Mkadiriaji anaihitaji namba hiyo ili kuagiza mabati. Lakini bati linalotokeza nje ya ukuta halifuniki chumba. Linafunika njia ya kupita. Nalo lililobaki halijagusana na hewa ya ofisi, kwa kuwa kati yake na ofisi kuna uwazi na dari. Ukichora dari ya jipsamu iliyolala, mpaka wako wa joto ni dari: mita za mraba 185 kwa kipimo cha ndani, 200 kwa kipimo cha nje. Kwa kuwa kuta nimekushauri upime nje, dari nayo uipime nje, 200, na sakafu vilevile.

Mwenzako amesema kweli kwamba bati ndilo linalopigwa na jua. Ila jua hilo linaingia kwenye hesabu kupitia halijoto, halipaswi kuingia tena kupitia eneo. Bati la rangi iliyokolea mchana wa Oktoba linaweza kupita nyuzi 60, na hewa iliyonaswa chini yake inapanda sana. Mhandisi analijua hilo. Ataweka upande wa juu wa dari halijoto kubwa kuliko ya hewa ya nje, au atatumia kipimo cha U kinachojumlisha dari, uwazi na bati pamoja. Ukimpa 274 wewe, na yeye akaweka joto la bati, jua moja litakuwa limehesabiwa mara mbili. Pembetatu za ukuta zilizo juu ya dari kwenye ncha za jengo nazo ziache nje kwa sababu hiyohiyo.

Hali inabadilika kama ungeondoa dari ukaacha ukumbi wazi hadi kwenye mbao, au ukapigilia jipsamu ikifuata mwinuko wa bati. Hapo mpaka unapanda na kuwa mteremko wenyewe, lakini bado unakomea ukutani: 185 gawanya kwa kosaini ya nyuzi 20, kama 197 kwa kipimo cha ndani. Pembetatu za ukuta nazo zinaingia kwenye hesabu. Katika tembe la Kigogo swali hili lisingezuka kabisa: paa ni bapa, udongo mzito juu ya miti, hakuna uwazi wala dari, na eneo la paa ni sawasawa na la chumba kilicho chini yake. Hatujengi tena hivyo mjini, lakini inafaa kukumbuka kwamba wazee wa nchi hii ya jua kali waliweka udongo wao mwingi pale juu.

Niache kidogo hesabu za eneo nikwambie ninachoamini, kwa kuwa mwenye jengo atakusikiliza wewe kabla ya mhandisi. Bati, uwazi na jipsamu ya milimita 9 kwa pamoja vinatoa U ya takriban 2.4. Mara 185 za dari kwa kipimo cha ndani, ni wati 444 kwa nyuzi. Weka juu ya dari sufi ya kioo ya milimita 100, U inashuka hadi kama 0.34, na zile 444 zinakuwa 63. Mjadala wako wote wa kuta, 144 au 162, ni wa wati 47 kwa nyuzi. Mzigo wa sufi umeondoa karibu 380, tena upande ambako tofauti ya joto ni kubwa kuliko ukutani. Fanya hesabu ya eneo vizuri, lakini hiyo ndiyo kazi inayopaswa kutokana nayo: kumwonyesha mwenye jengo pesa iende wapi. Bati jeupe au la rangi nyepesi nalo husaidia sana, na wakati bado hajanunua halimgharimu zaidi ya kubadili rangi kwenye oda.

Turudi kwenye kuta. Usimpe mhandisi 162 kama fungu moja. Zigawe kwa pande. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, na jua la saa sita mchana linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Juni liko kaskazini, kimo cha kama nyuzi 60. Desemba liko kusini, kimo cha kama nyuzi 73. Maana yake ni kwamba kuta za kaskazini na kusini hupata jua la mchana la juu mno, ambalo ukingo wa paa unalizuia kwa urahisi. Ukingo wako wa sentimita 90 mchana wa Juni unatupa kivuli cha mita moja na nusu hivi chini ya bati upande wa kaskazini. Kuta za mashariki na magharibi hazina bahati hiyo. Saa tatu asubuhi na saa kumi jioni jua liko chini, linaingia moja kwa moja, na Oktoba na Novemba ndiyo miezi yetu ya joto kali. Mita ya mraba ya ukuta wa magharibi haina uzito sawa na ya kusini, na mhandisi hawezi kuzitenganisha kama wewe umezichanganya.

Kwa hiyo hakikisha kaskazini ya modeli yako ni kaskazini ya kweli kutoka kwenye ramani ya upimaji wa kiwanja. Wengi tunachora jengo likiwa limenyooka kwenye karatasi na kusahau kuizungusha kaskazini. Kama ncha fupi za jengo lako zinatazama mashariki na magharibi, umebahatika. Kama kiwanja kimekulazimisha kinyume, mhandisi anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji jumla.

Ukubwa wa dirisha upime kwenye tundu la ukuta, fremu ya aluminiamu ikiwa ndani yake, usipime kioo peke yake. Nalo liandikwe kwa pande. Mita moja ya mraba ya kioo cha kawaida kinachotazama magharibi inaweza kuingiza mamia ya wati jioni isiyo na mawingu, wakati mita ya ukuta wako kwa tofauti ya nyuzi 6 inapitisha kama 16 tu. EDGE inauliza uwiano wa madirisha kwa ukuta, na uwiano huo unatafutwa kwa kugawa madirisha, pamoja na fremu, kwa eneo la ukuta kabla matundu hayajatolewa. Kwako ni 24 gawanya kwa 192, asilimia 12.5. Ukigawanya kwa 162 unapata karibu 15, na hapo utakuwa umejipunja mwenyewe. Milango ya mbao isiyo na kioo haimo kwenye 24.

Sakafu inayolala juu ya ardhi haihitaji maneno mengi. Mpe mhandisi vitu viwili: eneo lake, na urefu wa mzunguko unaogusana na nje. Joto la sakafu husafiri zaidi pembezoni kuliko katikati, na ISO 13370 hutumia uwiano wa vitu hivyo viwili. Kwetu ardhi ni rafiki. Kwa kina chake hukaa karibu na wastani wa joto la mwaka mzima, kama nyuzi 22 au 23.

Sasa namna ya kulipata hili ndani ya programu bila kuhangaika. Katika ArchiCAD, chora zoni za vyumba na uhakikishe kimo chake kinakomea chini ya dari, kisichomoze juu. Halafu chora zoni nyingine kwa ule uwazi wa chini ya bati, uiweke katika bloku yake ya joto yenye matumizi ya nafasi isiyopozwa. Bila hiyo, programu inaweza kuiona dari kana kwamba iko nje mvuani. Kagua modeli ya nishati kwa macho, uso mmoja mmoja: kifaa hicho kinakuonyesha kila kipande kilichotambuliwa, upande unaotazama na eneo lake, na ukuta uliokosa kugusana na jirani yake hata kwa milimita chache unaonekana kama pengo. Kwa kuwa kinatoa vipimo vya ndani, ukitaka vya nje tengeneza mwili mmoja wa wazi, boksi tupu lenye sura ya jengo kwa nje kutoka chini ya jamvi hadi juu ya dari, kwenye leya yake, uusome huo. Ni kazi ndogo, na ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote katika programu yoyote: boksi hilo ndilo mpaka ulioamua wewe, halichanganyiki na tofali.

Wenzako wanaochora kwa programu ya Revit wana mtego wa aina yao. Mpangilio wa kuhesabu ujazo lazima uwashwe, la sivyo vyumba havifuati sura ya dari wala paa. Na programu inakuuliza mpaka wa chumba uishie kwenye plasta, katikati ya ukuta au kwenye kiini chake. Chaguo hilo likiwa katikati ya ukuta utapata namba ambayo haimo kwenye mfumo wowote kati ya ile mitatu. Na anayetumia SketchUp, programu nyepesi zaidi ya kuchora, asichoke: apake rangi tofauti kila upande wa boksi tupu, uso wa nje tu, kisha aulize eneo la kila rangi. Inatosha kabisa kwa jengo la ukubwa wako.

Ukimaliza, fanya jaribio moja kwa mkono kabla ya kutuma. Boksi lililofunga halina jinsi ya kuwa na kaskazini kubwa kuliko kusini. Kuta zote zinazotazama kaskazini, pamoja na madirisha yake, lazima zilingane na zinazotazama kusini. Mashariki na magharibi vivyo hivyo. Na dari ikiwa imelala lazima ilingane na sakafu. Kwa kipimo cha nje wewe unatarajia mita za mraba 64 kwa kila upande mrefu, 32 kwa kila ncha, 200 juu na 200 chini. Kama upande mmoja unakuja na 61, kuna kipande programu haijakiona, na utajua pa kukitafuta. Jengo likiwa na vibaraza vilivyoingia ndani au pembe zilizokatwa, jaribio bado linafanya kazi ikiwa utazipima nyuso kwa kivuli chake upande husika.

Nimebaki na jambo ambalo hukuliuliza. Je, jengo zima linapozwa? Ofisi nyingi za hapa zina viyoyozi kwenye vyumba vitatu vinne, wakati korido, vyoo na stoo hutegemea madirisha na huu upepo wetu wa mashariki. Ikiwa ni hivyo, mhandisi anahitaji boksi dogo linalozunguka vyumba vinavyopozwa tu, na ukuta wa ndani unaotazama korido unakuwa sehemu ya gamba, kwa tofauti ndogo ya joto. Kwa tathmini ya jengo zima, boksi ni lile kubwa. Andaa yote mawili, uyape majina tofauti, usitume moja likafanya kazi ya jingine.

Kuhusu cheti: EDGE, iliyoanzishwa na IFC, Shirika la Fedha la Kimataifa lililo katika Kundi la Benki ya Dunia, inataka akiba ya angalau asilimia 20 katika nishati, maji na vifaa vya ujenzi ukilinganisha na jengo la kawaida la mahali hapo. Hesabu ya awali unaweza kuifanya wewe mwenyewe kwenye mtandao wao. Mwenye jengo akiamua kwenda hadi cheti, hapo tafuta mtaalamu wa EDGE mapema, kabla dari haijafungwa, kwa sababu mkaguzi atataka ushahidi wa picha na risiti za kile kilichowekwa juu yake.

Na kuna hali ambazo nisingekuacha uendelee peke yako na programu. Jengo likiwa na ghorofa zinazotokeza nje, ukuta mzima wa kioo, chumba cha baridi cha dawa au chakula, chumba cha seva, au likiwa ni nyongeza iliyogusana na jengo la zamani ambalo kuta zake hujui zina nini ndani, keti ana kwa ana na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na msanifu aliyesajiliwa na bodi yake, mchoro ukiwa mezani, mkubaliane mstari wa mpaka kwa kalamu nyekundu kwenye plani na kwenye mkato. Kwa ofisi yako ya Nzuguni mkutano wa nusu saa unatosha. Nenda na mkato mmoja wa jengo, boksi lako, na karatasi yenye kuta kwa pande nne, madirisha kwa pande nne, dari, sakafu na mzunguko wake. Swali la kwanza la kumuuliza ni kama anapima ndani au nje.